Mke Wangu Anadhani Naimba Kwaya

Bi Xavérine, mshauri wangu mpendwa,

Nakuomba msaada mapema kabla moyo wangu haujasimama, na nikisema moyo sizungumzii mapenzi, nazungumzia lile pande la nyama ambalo daktari alinionyesha kwenye skrini yake mwezi uliopita, limetanuka kama soksi ya zamani, akaniambia kwa upole, kama mtu anayezungumza na mkwe wake, kwamba ni vizuri nianze kupanga mambo yangu, nami nimeyapanga, kiwanja cha Gahanga nimewagawia watoto, nyimbo za mazishi nimechagua, hata suruali nitakayozikwa nayo imepigwa pasi iko kabatini, limebaki jambo moja tu linalonishinda, nalo ni kwamba mke wangu Winifred anaamini kuwa kila Jumamosi mimi huenda mazoezi ya kwaya.

Sijawahi kuimba katika kwaya yoyote tangu nizaliwe.

Mimi ni mzee wa hapa Niboye. Nilizaliwa ukimbizini Karagwe, Tanzania, nikasoma huko mpaka chuo kikuu na kufundisha jiografia, kisha nikaingia vita vya kurudi nchi ya wazazi wangu pamoja na vijana niliowazidi umri kiasi kwamba waliniita mwalimu hata kwenye mahandaki, na nikatoka huko bila mguu wa kulia, umekatwa chini kidogo ya goti. Niliporudi nyumbani mwanangu Shyaka alikuwa mdogo sana, akanikuta nimesinzia kwenye kiti na kigutu kikiwa wazi, akapiga yowe, na kwa muda mrefu akawa hataki kupita nilipo, anazunguka nyuma ya nyumba ili aingie jikoni. Siku ile nikaamua kwamba hakuna mtu wa nyumba hii atakayeniona tena bila mguu. Na hakuna aliyeniona; hata nilipokuwa bado nalala chumba kimoja na mke wangu, niliuvua taa ikishazimwa. Nauvaa kabla sijafungua mlango asubuhi na kuuvua baada ya kufunga usiku. Winifred huniwekea maji ya kuoga mlangoni, anagonga, anaondoka. Binti yetu wa mwisho, Kirezi, aliyezaliwa baada ya vita, anajua tu kwamba baba yake anachechemea.

Yako pia mambo ya kichwani, nayo sitayarefusha, maana wanaoyajua wanayajua. Mvua ya mawe ikipiga bati naingia chini ya meza. Mgahawani nakaa nikitazama mlango. Zamani niliwahi kuamka kutoka ndotoni nimemkamata Winifred mkono kwa nguvu mpaka ukavimba, kwa hiyo nikahamia chumba cha pili, ndiko niliko hadi leo, na yeye hajawahi kunilaumu hata kwa kuguna. Nikajiwekea sheria ya kusimama wima. Harusini, msibani, mahafalini, nikipewa kiti nakataa, nasimama mpaka mwisho, watu wanasema tazameni yule mzee alivyo imara, nami ndani ya soksi kigutu kinawaka moto.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kurekebishiwa mguu kwa fundi, na kwenye foleni nikakutana na mtu mmoja anaitwa Silvère, naye askari wa zamani, naye wa mguu mmoja, akanitazama nilivyosimama huku benchi likiwa tupu, akasema, "Afande, unamlinda nani hapa?" Nikazidi kujinyoosha. Akasema, "Jumamosi njoo nikuonyeshe mahali pa kukaa."

Nikaenda, Bi Xavérine, sijui kwa nini nilikwenda. Nikakuta uwanja wa saruji wenye paa la mabati, wavu umefungwa chini kiasi cha kifua cha mtu aliyesimama, na pembeni ya uwanja kuna rundo la miguu. Miguu ya bandia, imevaa viatu vyake, mingine soksi nzuri za rangi, mmoja una raba mpya kabisa, imeegemeana ukutani kama mabwana wanaosubiri basi. Na wenyewe wako chini, wanaume kwa wanawake, wanajisukuma kwa mikono na makalio kwa kasi ambayo sikuitarajia, wanapiga mpira wa wavu na kutukanana kwa furaha. Wakaniambia mchezo huu una sharti moja kubwa: ukiupiga mpira makalio yakiwa yameinuka kutoka sakafuni, filimbi inalia, umekosa. Nikafikiri wananitania. Mimi niliyesimama miaka yote ile naambiwa kwamba hapa kuinuka ndilo kosa.

Nikavua mguu mbele za watu. Hakuna aliyepiga yowe. Mpira wa kwanza ulipogonga saruji kwa kishindo nikalala kifudifudi, mikono kichwani, na nilipoinua uso nikakuta wote wamesimamisha mchezo, wanasubiri, na nahodha wetu Umulisa, mwanamke aliyepoteza miguu yote miwili, akasema, "Karibu. Kila mmoja hapa alishalala hivyo. Ndihokubwayo alilala mpaka akasinzia." Ndihokubwayo, aliyekulia Bujumbura na kupigana hukohuko, akasema ni kweli, na kwamba ulikuwa usingizi mzuri. Wakacheka. Nikacheka. Sikumbuki mara ya mwisho nilikuwa nimecheka lini kabla ya hapo. Baadhi yetu tulikuwa upande mmoja wa vita na wengine upande mwingine, hayo tunayajua, hatuyasahau, lakini ukikaa sakafuni na mpira unakuja, unachotaka kujua ni nani aliye nyuma yako.

Sasa uongo. Siku ile nilirudi nyumbani nimechafuka vumbi, napiga mluzi wimbo wa morali wa jeshini, na Winifred akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Unaimba?" akaniuliza. "Wewe?"

"Nimejiunga na kwaya," nikasema. Lilinitoka hivyo tu, sijui lilitoka wapi.

Akaweka mwiko chini. Machozi yakamtoka. Alikuwa ameniombea kwa miaka mingi nirudi kanisani, akadhani maombi yamejibiwa, akachinja kuku jioni ileile, na mtu atamwambiaje mke wake ukweli huku anakula kuku wa shukrani? Nikala. Jumamosi iliyofuata nikaenda tena kwenye kwaya. Alipouliza kwa nini suruali inachafuka nyuma nikamwambia mwalimu wa kwaya anataka tukae chini ili pumzi itokee tumboni. Akasema, "Mwalimu huyo anajua kazi yake." Suruali ilipotoboka akatia kiraka, na kilipotoboka kiraka akatia kingine cha kitambaa cha jinzi, maradufu, bila kuuliza. Ananiwekea kwenye mfuko taulo na mafuta ya kupaka, anasema kwaya inakausha ngozi. Nikitoka ananiaga mlangoni, "Imbeni vizuri, msifungwe." Yeye amekulia Mbarara, Kiswahili alijifunza kwangu, nadhani huchanganya maneno.

Na nalala, Bi Xavérine. Usiku wa Jumamosi nalala mpaka asubuhi.

Siku hizi, kwa huu moyo, sichezi tena. Wananiruhusu nianzishe mpira mmoja, kisha Silvère ananiburuza nje kwa kwapa kama gunia la viazi, nakaa karibu na rundo la miguu nikipiga kelele kuliko wote. Mpira ule mmoja unanitosha kwa wiki nzima.

Tatizo limekuja mwezi huu. Kirezi anaolewa. Alikuja Jumapili, akakaa karibu nami, akanishika mkono.

"Baba, sitaki zawadi kwako," akasema. "Nataka kwaya yako iniimbie kanisani."

Nikamtazama Winifred anisaidie, maana yeye hujua kukataa kwa heshima. Winifred akainama ghafla kufunga kamba ya kiatu, akakaa huko chini muda mrefu, mabega yanatikisika, nikajua analia kwa furaha, ingawa nikikumbuka vizuri vile viatu havina kamba. Nikasema, "Sawa, mwanangu."

Jumamosi nikawaeleza wenzangu.

"Harusi ni lini?" Silvère akauliza.

"Mwezi ujao."

"Basi muda upo. Sauti ya kwanza nipeni mimi."

"Wewe una sauti ya mbuzi aliyesahauliwa kwenye mvua," Ndihokubwayo akasema. "Na nyimbo tunazojua ni za kukimbia nazo asubuhi jeshini. Ule wa ndizi ya afande utaimbwa mbele ya mchungaji?"

"Tutaruka ubeti wa pili."

"Ubeti wa kwanza ndio mbaya, bwana."

Umulisa akawanyamazisha. Akanigeukia. "Mzee, niambie. Unaona haya kwa sababu ya uongo, au unaona haya kwa sababu ya mguu?"

"Uongo," nikasema.

"Basi leo usiuvae. Rudi nyumbani na magongo, mguu ubebe mkononi."

Nikauvuta mguu wangu kutoka kwenye rundo, nikaanza kuuvaa.

"Umeona," akasema, akarudi mchezoni.

Ndiyo shida yangu. Nikisema ukweli juu ya kwaya, Winifred atataka kuja kuona, na akija ataona kigutu, na sijui uso wake utakuwaje. Nimekumbuka uso wa Shyaka miaka yote hii. Nisiposema, nitazikwa katika ile suruali iliyopigwa pasi, mguu wa bandia ndani yake kama nilivyoagiza, na mke wangu atakuwa ameolewa na mtu aliyesimama, wala hatajua kwamba nilikuwa na furaha kiasi hiki, na kwamba ilikuwa mahali gani. Hilo ndilo linaloniuma, kufa na furaha nisiyomwonyesha. Nataka mara moja anione nikianzisha mpira. Halafu nafikiria mlango wa chumba changu, natoka jasho. Nifanye nini, nami muda sina?

Jina langu usiliandike. Ya wenzangu andika, wamesema watafurahi kujiona gazetini. Samahani kwa herufi kubwa, macho yamekwisha. Hata safu yako siwezi tena kuisoma mwenyewe, Winifred ndiye hunisomea kwa sauti kila Alhamisi baada ya chai.

Mzee wa Niboye

*

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu wa Niboye,

Barua yako nimeisoma mezani kwangu nikacheka mpaka wenzangu wa ofisini wakaja kuuliza, kisha nikafika kwenye maji ya kuoga yanayowekwa mlangoni, nikafunga mlango nikalia kidogo. Sasa nimepangusa uso, kwa hiyo kaa vizuri, na kwa mara moja usisimame, maana nitakugombeza.

Wewe ni mtu wa chuo kikuu. Umefundisha watoto wa watu kusoma ramani. Halafu mke wako anatia kiraka maradufu cha jinzi kwenye makalio ya suruali ya mwanakwaya, miaka nenda rudi, nawe unaona ni jambo la kawaida? Nilikulia Bujumbura katika nyumba ya wanakwaya, Mzee, na suruali zao zilikwisha magotini kwa sala. Mafuta yale unayowekewa ni ya nini, ya kupaka kooni? Anakuaga kwa kukuambia msifungwe, nawe unasema amechanganya maneno. Amefunga kamba ya kiatu kisicho na kamba, mabega yakitikisika. Mzee wangu, mke wako hakuwa analia.

Anajua. Tangu lini, sijui; pengine tangu suruali ya pili, pengine alikufuata siku moja na kusimama nyuma ya ukuta wa uwanja ule akasikia ukicheka, kisha akarudi nyumbani bila kusema kitu. Na kama alikwenda, basi uso wake uliokuwa ukiuogopa ulishakutazama, nawe hukusikia yowe. Kile kitambaa cha jinzi alichokikata na kukishona ili uende tena Jumamosi ndicho jibu lake. Soma hapo, macho yako bado yanatosha kusoma kiraka.

Silaumu mtu aliyerudi kutoka vitani akafunga mlango. Mtoto alipiga yowe, ukaumia, ukataka kuwalinda. Lakini ulimlinda pia mtu ambaye hakuomba kulindwa. Mama huyu ameweka maji, amegonga, ameondoka, miaka yote tangu vita, akingoja siku moja mlango ufunguliwe. Ulisema hajaguna. Asiyeguna huwa anangoja. Na Shyaka, aliyepiga yowe akiwa mdogo, leo ni mwanaume mzima anayejua mguu ni nini. Muulize anakumbuka nini siku ile, utashangaa, pengine anakumbuka kwamba tangu hapo baba hakukaa naye chini tena.

Sasa sikiliza ninachokutaka ufanye.

Kwanza daktari. Nenda kamwambie wazi kuhusu ule mpira mmoja. Akisema uanzishe, anzisha. Akisema usianzishe, utakaa kwenye rundo la miguu na kupiga kelele, kwa kuwa naona ndiyo kazi unayoiweza zaidi. Na ukiwa huko mwulize pia juu ya mvua ya mawe na meza. Kituo cha afya kina watu waliosomea hayo, na umri wako si sababu ya kuendelea kukaa chini ya meza.

Halafu Kirezi. Usimwache binti aje kanisani akiwa na matumaini ya sauti nne halafu apate mbuzi wa kwenye mvua. Mwite, mwambie kwaya yako ni timu. Usiombe radhi sana, atacheka kabla hujamaliza. Kanisani waimbe wanaojua kuimba. Ukumbini, watu wakishakula na mchungaji akishaaga, timu yako ipewe nafasi ya mbele, iweke miguu yake ukutani, ikae chini na kuimba wimbo mmoja wa morali, ambao nahodha Umulisa atauchagua yeye mwenyewe na si Silvère. Bibi harusi akitaka, akae nao. Nguo itafuliwa.

Kuhusu suruali ile ya kabatini, uzikwe na mguu au bila mguu, hilo usiamue peke yako. Ulishaamua mengi peke yako. Mwachie mkeo, yeye ndiye fundi wa suruali zako.

Na chumba cha pili, Mzee. Umeniambia mwenyewe kwamba usiku wa Jumamosi unalala mpaka asubuhi. Nafikiri umenielewa, wala sitaandika zaidi, gazeti hili linasomwa na watoto.

Umeniuliza utamwambiaje. Hapo nimeweka kalamu chini nikacheka tena, maana uliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, ni nani anayekusomea safu hii kila Alhamisi baada ya chai. Ulificha jina lako, ukaacha la mkeo. Sijui kama ulisahau au ulikuwa na akili kuliko unavyojionyesha, lakini mtu aliyetaka siri yake ibaki siri asingenitumia mimi. Umeshamwambia, Mzee. Amekuwa akikusomea maneno haya kwa sauti yake mwenyewe tangu mwanzo wa ukurasa, na kama namjua mwanamke wa aina hii, hajaruka hata mstari mmoja.

Kwa hiyo sasa nazungumza nawe, dada yangu Winifred. Pangusa machozi, au acha kucheka, lolote lililokushika. Weka gazeti juu ya meza. Keshokutwa ni Jumamosi. Vaa viatu vyako, vile visivyo na kamba, na umwambie mzee wako kwamba leo kwaya inakwenda na mtu wa kuisikiliza. Mkifika, kaa kwenye benchi karibu na ile miguu mingine. Akisitasita, usigeuze uso wala usimharakishe, umengoja mlangoni muda mrefu kuliko huo. Akiuvua, nyoosha mikono, upokee, uuweke mapajani pako.

Halafu mwambie aanzishe mpira.